Mama Jozi na Kadi Zisizo na Majina

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha kumbukumbu, Mama Jozi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Jina hilo la utani amelipata kazini. Kadi za watoto wachanga hutufikia nyingi zikiwa hazina jina wala namba. Zimeandikwa "mtoto wa kike", basi. Yeye huzitandaza mezani, akalinganisha tarehe, mtaa, umri wa mama, hata mwandiko wa mkunga, mpaka kadi ya kuzaliwa na ile ya chanjo zikubaliane kuwa ni za mtu mmoja. Zikikubaliana hugonga meza mara mbili, nasi tunajua mtu amepatikana.

Tusimpambe mno, kukosea amekosea. Aliwahi kukuta kadi mbili: mtoto wa kike, siku ile ile, mama yule yule. Akadhani mkunga kaandika mara mbili, akaziunganisha. Mama wa watoto hao ni mimi, mfagiaji wenu, kabla sijaajiriwa hapa. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kuwaandikisha shule, mwalimu mkuu akaniambia kwenye orodha iliyotoka hapa yupo mmoja tu, mwingine asubiri nyumbani. Nikaja hapa nao wote, nikawakalisha juu ya kaunta yake. Machozi yakinilengalenga nikamwambia, "Haya mama, nichagulie. Yupi mtu, yupi nakala?"

Hakubisha. Alivua miwani, akawaomba radhi wanangu kwanza, ndipo mimi. Kisha akapanda ngazi akateremsha maboksi, huku anapiga chafya za vumbi, mpaka kadi zenyewe zikaonekana. Mmoja kilo mbili na nusu, mwenzake kilo mbili na robo. Akagonga meza mara nne.

Tangu hapo, kadi haziunganishwi humu kabla uzito haujasomwa kwa sauti. Wapita njia hudhani tunauza viazi.

Sasa wanangu wako darasa la tatu, dawati moja. Yule wa kilo mbili na robo anampita dada yake kwa kimo, na maneno ndiyo usiseme.

Mama Jozi, asante kwa kutuhesabu sote. Nenda kapumzike, afya isikuache, wajukuu wakuchoshe kwa raha. Ijumaa ukifika mlangoni utasikia meza zote zikigongwa mara mbili. Usigeuke kutafuta kadi. Ni wewe.