Nililala Mpaka Sikio Likalala

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Jibuni kwa nguvu, maana leo nawasikia.

Wengi wenu hapa Nyamasaria mnanijua, fundi wa baiskeli aliyesoma shule ya jioni hadi akapata cheti akiwa na mvi. Kisha homa ya uti wa mgongo ikaninyang'anya masikio yote mawili. Sikusikia hata radi. Nikiongea nilipiga kelele mpaka viboko wakahama ziwani. Mke wangu, Mama Akinyi, alikuwa akinigombeza kwa mikono.

Ndipo wafadhili wakanipeleka ng'ambo nikawekewe chombo cha umeme ndani ya sikio. Kabla sijaondoka mlinizunguka hapa mkaomba jambo moja: nilale fofofo, nisihisi kisu. Ndugu zangu, mliomba mkapitiliza.

Daktari wa usingizi alinisimulia baadaye. Ndani ya sikio kuna msuli mwembamba kama uzi. Sauti kali ikiingia, unajikunja wenyewe. Wakishaweka chombo, wanatuma umeme kidogo na kuchungulia kwa darubini. Msuli ukishtuka, wanajua mshipa wa kusikia uko hai. Wangu ulitulia tuli. Wakaongeza umeme. Wapi! Mpasuaji akaanza kuogopa kwamba homa ilishaua mshipa, na safari yote ni bure.

Daktari wa usingizi akamwambia, "Ngoja kwanza. Huyu mzee amelala mno. Hii hewa ninayomvutisha inalaza hata msuli wenyewe."

Akaipunguza, akanishikilia usingizini kwa dawa nyingine nisije nikaamka, wakasubiri. Wakatuma umeme tena. Msuli ukajikunja, ndugu zangu, na mwenyewe niko mbali huko naota samaki.

Hata hivyo kiwango kile cha umeme kilichoushtua msuli hawakukitumia kuwashia chombo, maana mtu aliye macho hushtushwa na umeme mdogo zaidi. Kidonda kilipopona, siku ya kuwasha chombo, walianzia chini kabisa. Nikasikia kitu kama panzi kwenye kopo. Nililia mpaka wauguzi wakatafuta ndoo.

Nilipofika nyumbani, Mama Akinyi alinipokea mlangoni: "Baba Akinyi, punguza sauti, unatuaibisha." Malaika hawajawahi kuimba vizuri hivyo.

Basi kama kuna jambo umeliombea na halijatikisika, usilizike leo. Mungu wangu alingoja na mimi nimelala kama gogo, atangoja na wewe pia. Mtegemee. Sema amina, hata kwa kunong'ona. Nitasikia.