Koti la Audrey

Benchi lililo mbele ya kibanda changu cha chai, hapa kwenye daraja la Kettlebeck, kaskazini mwa Uingereza, nililiweka kwa ajili ya wateja. Wamelirithi wazee watatu. Kila Jumapili wanaegesha pikipiki zao, wananunua chai moja moja, wanabishana mpaka inapoa, halafu wananiomba niipashe. Jumapili hii Clifford, tunayemwita Spana, alikuja na koti la pikipiki la marehemu mkewe, Audrey, lile la pamba iliyopakwa nta ili mvua isipenye. Binti yao Hazel alikuwa amekubali, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kupanda pikipiki nyuma ya baba yake, tena akiwa amelivaa koti hilo. Alikuwa njiani. Na mawingu ya Yorkshire, kama kawaida yake, yalishaanza kushuka mlimani.

Spana akalimwagia koti maji kidogo. Likayanywa yote kama taulo.

— Umelifanya nini? — akauliza Moshi, ambaye jina kalipata kwa sababu ya pikipiki yake.

— Nimelifua.

— Kwa maji baridi na sponji?

— Kwa mashine. Maji moto. Na sabuni.

Hata mimi niliacha kukata mkate. Huyu ndiye aliyemfokea padri mbele ya watu kwa kufua koti lake la nta!

— We Spana, una akili timamu kweli?

— Lilikuwa linanuka petroli na sigara za Audrey. Hazel hapendi sigara. Nilitaka alikute safi.

— Safi! Umetoa nta yote, sasa mvua itamwingia mtoto mpaka kwenye mifupa.

— Ndiyo maana nimekuja na kopo la nta. Edna, mama, tupe maji moto tuiyeyushe.

Nikawapa sufuria yangu ya mayai, ili wanyamaze. Hawakunyamaza.

— Nta peke yake haitoshi — akasema Kondoo, anayefuga hao wanyama huko juu. — Paka mafuta ya sufu ya kondoo. Umewahi kuona kondoo kapata mafua kwa kunyeshewa?

— Kondoo wako wanakohoa kuliko pikipiki ya Moshi.

— Mshumaa! — Moshi akadakia. — Babu yangu alipaka mishumaa ya kanisani, akavuka mto huu, akatoka mkavu kabisa.

— Alitoka mkavu kwa sababu alipita darajani — Kondoo akamkatiza. — Acha fiksi, mzee.

— Basi mafuta ya kukaangia chipsi. Edna anayo.

— Edna hana! — nikasema. — Chovya kitambaa kwenye nta, anza na mishono, sugua, basi. Si mnajua wote? Si ndivyo mnavyofanya kila mwaka?

Nani alinisikia? Kila mmoja alikuwa na kitambaa chake na kipande chake cha koti, anamvuta mwenzake. Kondoo akachomeka kikausha nywele cha mkewe kwenye jenereta yangu, eti nta iingie vizuri. Jenereta ikakohoa, ikazima. Birika la umeme nalo likazima. Foleni ikaanza kunung'unika, nami nikawaambia wale wazee maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya padri.

Walikuwa bado wanatupiana lawama Hazel alipofika, helmeti mkononi. Akalichukua koti, likiwa bado linanatanata, akainua kola mpaka puani. Akanusa. Akaligeuza, akanusa ndani ya mkono wa koti.

— Baba, mbona halina harufu ya mama?

Moshi akaangalia ndani ya kikombe chake. Kondoo akawa anakunja waya wa kikausha nywele. Spana akawa anafuta vidole vyake kwa kile kitambaa cha nta.

Hazel akalivaa, akafunga vifungo mpaka kooni. Tone la kwanza la mvua likamwangukia begani, likateleza, likadondoka chini. Hakuna aliyeshangilia.