Roswitha Ahlborn na Fuwele za Siku ya Harusi

Tunamsindikiza leo dada yetu, Dk. Roswitha Ahlborn. Alizaliwa Celle, Ujerumani, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi saa Gerhard Mewes na mkewe Hedwig. Mdogo wake Volkmar, anayewasomea haya, alikuwa akifungiwa naye kamba za viatu mpaka darasa la pili.

Alisomea kemia Göttingen, akapata udaktari mwaka 1979, kisha akaajiriwa Hannover. Kazi yake ilikuwa kuunganisha urani, metali nzito yenye mionzi, na kaboni, kisha kuona misombo hiyo inafanya nini ikikutanishwa na vitu vingine. Misombo hiyo haivumilii hewa hata kidogo. Aliishughulikia ndani ya sanduku la kioo lililojaa gesi ya argoni na kufungwa kwa koki hewa isiingie, mikono ikiwa kwenye glavu ndefu za mpira, na alijizoeza kujikuna pua kwa bega.

Alifunga ndoa na Henning Ahlborn, mwalimu wa muziki, Jumamosi tarehe 13 Juni 1981. Alifika kanisani amechelewa dakika arobaini.

“Usininunie, Henning. Zimeota,” alisema mlangoni, akihema.

“Nini tena?”

“Fuwele. Miezi minane nazisubiri. Nyekundu hasa.”

“Haya, ingia tuoane kabla hazijakuita tena.”

Jumatatu Roswitha alikuta tope la kahawia. Hewa ilikuwa imepenya. Alihangaika miaka miwili kuzipata tena, na wataalamu wa nchi nyingine wakamtangulia kutangaza. Alimwambia Henning kwamba sanduku lilikuwa bovu. Henning hakuamini. Aliona harusi ndiyo iliyompokonya mkewe bahati yake, na jambo hilo lilimtafuna miaka yote, ingawa nyumba yao ilikuwa ya vicheko.

Oktoba 2023 Roswitha aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kwa wanaouliza, madaktari walisema haikutokana na urani. Wiki ya mwisho Henning alijikaza, akamuuliza kama aliijutia siku ile. Sauti ilikuwa imekwisha. Roswitha alinyoosha kidole kuelekea kabati la daftari zake za maabara. Alifariki nyumbani, mikononi mwa mumewe, tarehe 2 Februari 2024.

Ameacha mume, binti yake Wiebke, wajukuu Jorid na Thies, mdogo wake Volkmar, na wanafunzi thelathini na mmoja aliowafundisha kukagua koki ya gesi mara mbili.

Henning ameomba tusome alichokikuta kwenye daftari, tarehe 15 Juni 1981: “Fuwele zimeharibika. Koki sikuifunga. Kosa ni langu. Nilikuwa na furaha mno.”

Pumzika kwa amani, dada. Henning amesoma.