Nani Atamfungulia

Wallahi nilishusha simu, na mimi simu huwa siishushi hovyo. Kiti cha mbele yangu kwenye basi, mama mmoja mshonaji, futi bado inaning'inia shingoni, alikuwa anamwambia kinyozi aliyekutana naye hapohapo: "Sukari naiweza, kaka. Chai kavu, sindano kwa wakati. Sasa daktari anasema moyo umeanza kuchoka, eti kwa kuwa silali na nina huzuni."

Kinyozi naye ana sukari, kwa hiyo undugu ulishaanza. "Si eti, dada. Usiku usipolala, sukari inapanda, presha inapanda, na moyo ndio punda wa mizigo yote. Kwani unaamkia nini?"

"Mume wangu alikuwa anaoka mikate kiwandani, zamu ya usiku. Anarudi alfajiri, namfungulia. Tumemzika mwaka jana, lakini saa ile ikifika naamka, naenda mlangoni."

"Unafungua?"

"Nafungua. Unaingia upepo, nafunga."

Kinyozi akamgeukia, akashusha sauti. Kinyozi kushusha sauti, nadhani mnajua uzito wake. Kisha akasema taratibu, "Mwambie daktari leo, dada yangu. Kuna msaada wa mambo hayo. Shemeji harudi."

"Najua harudi. Lakini nikilala mpaka kukicha, si nitakuwa nimemfungia nje?"

Basi likasimama hospitali. Mama akakunja futi, akaitia mkobani, akashuka. Kama atamwambia daktari, hakusema.