Gershom Mwarandu Ruwa, Msimulizi wa Picha ya Kigujarati Changamwe (1919–1986)

Wasifu huu hauna budi kuanza kwa ungamo. Kwa miaka zaidi ya thelathini, mwandishi wake, ambaye ni mpwa wa marehemu, aliamini kwamba siku bohari la mbata lilipoungua Changamwe, mjomba wake alirudi motoni kuufuata ukanda wa picha, na kwamba Kazungu, ndugu yake wa tumbo moja, aliteketea kwa sababu hiyo. Ndivyo ilivyosemwa mitaani Mjambere, naye hakumuuliza mwenyewe hata siku moja. Aliwahi kuyatamka maneno hayo mbele ya wageni, mjomba akiwa ameketi kiti cha pili, akimenya chungwa. Mzee alimaliza kumenya, akalikata, akampa nusu. Aliyemsahihisha mwandishi ni mjane, Bi Nyamvula, Jumatano ya juma hili. "Ukanda ndio uliotangulia kuungua, baba," alisema. "Angerudi kufuata nini?"

Gershom alizaliwa Mjambere, Kisauni, tarehe 4 Julai 1919, mtoto wa pili wa Mzee Ruwa Mwarandu na Bi Kafedha. Dada yake alimtangulia, Kazungu akamfuata mwaka 1926. Mzee Ruwa alifariki Kazungu akiwa na umri wa miaka minane. Tangu hapo Gershom ndiye aliyemchapa Kazungu alipokosa, na ndiye aliyempiga mtu mwingine yeyote aliyethubutu kumchapa.

Alisoma shule ya misheni huko huko Kisauni tangu 1929 hadi 1934, akafika darasa la tano. Wanafunzi waliosoma naye walikumbuka kwamba mwalimu alipokwisha kusoma habari za vita vya wafalme wa kale, madawati ya nyuma yalimgeukia Gershom ili awasimulie upya. Siku moja mwalimu alimsikia akieleza jinsi mkuki ulivyoingia kifuani mwa mfalme na kutokeza mgongoni.

"Mwarandu, hilo la mgongoni umelisoma wapi?"

"Halikuandikwa, Mwalimu. Lakini usingetokeza, angekufa upesi vile?"

Mwalimu alicheka, asimwadhibu. Baadaye Gershom alisema kwamba heri angeadhibiwa.

Mwaka 1938 aliajiriwa Changamwe na mfanyabiashara wa Kigujarati aliyejulikana na wote kwa jina la Babu, mnunuzi wa mbata, yaani nazi kavu, na mkamuaji wa mafuta yake. Kwa miaka kumi alijifunza Kigujarati kwa kusikiliza, kama mtu ajifunzavyo njia ya gizani, kwa kujigonga. Mwaka 1948 Babu alinunua mashine ya picha, akawa anaonyesha sinema alasiri za Jumamosi ndani ya bohari lake, madirisha yakizibwa kwa magunia na mlango ukikomewa ili mwanga usipenye. Wagujarati walikaa mbele. Nyuma walisimama makuli wa bandarini, vibarua wa reli na watu wa mashambani, ambao hawakufahamu neno. Kazi ya Gershom ikawa kusimama kando ya shuka nyeupe na kuwaeleza hao wa nyuma kwa Kiswahili yaliyokuwa yakisemwa.

Aliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote, na hapo ndipo alipokutana na Nyamvula. Binti huyo, aliyekuja na shangazi zake, alimkatiza mbele ya umati mzima.

"Wewe kaka, yule mama kasema maneno matatu. Mbona wewe watupa thelathini?"

"Kigujarati kimeshindiliwa kama gunia la mbata, dada yangu," Gershom alijibu. "Mimi nalifungua tu."

"Basi usitie na mchanga wako."

Mwezi Novemba 1949 ililetwa kutoka Bombay picha ya ibada, iliyotokana na ngano ya watu wa Kathiawar, pwani ya nyumbani kwao Babu. Ilimhusu mkamuaji mafuta maskini aliyempenda mungu wao wa kike. Wanyang'anyi walipovamia kijiji, alisimama mlangoni pa hekalu akikataa kuhama, wakamkata mikono yote miwili. Aliendelea kuimba. Mungu yule alimtokea, akamrudishia mikono, na jambo la kwanza alilolifanya kwa mikono ile mipya lilikuwa kuwafunga vidonda wanyang'anyi wenyewe. Picha haikuonyesha damu. Upanga ulionekana kama kivuli ukutani, ukashuka, basi. Sehemu kubwa ilikuwa nyimbo na msamaha.

Lakini makuli walikuwa wametoka kubeba magunia tangu alfajiri, na hawakuja kusikiliza nyimbo. Gershom aliwajua. Jumamosi ya kwanza alikitia damu kivuli kile. "Upanga umeshuka! Damu imeruka hadi darini! Mkono ule uko chini, utazameni, vidole vyatapatapa kama samaki!" Watu wa nyuma walinguruma, wakapiga kuta. Ilipofika sehemu ya msamaha, alinyamaza, akaacha nyimbo zipite.

Babu alimwita baadaye. "Gershom, veve nachinja watu mingi sana. Mimi naona mikono miwili tu."

"Wanapenda, Babu."

"Hii ibada. Hapana ngumi."

Jumamosi ya pili, tarehe 12 Novemba, saa kumi alasiri, bohari lilijaa pomoni. Kazungu, aliyekuwa kuli wa bandarini mwenye miaka ishirini na mitatu, alikuja na wenzake moja kwa moja kutoka kazini, kulabu za kubebea magunia zikiwa bado zimening'inia viunoni mwao. Bawabu wa mlango alikuwa Jumaa Shee wa Likoni, mtu wa maneno machache na rungu la mpingo. Alikuwa ameamriwa kwamba siku hiyo yeyote asogeaye mbele avue viatu, kwa maana kwa Wagujarati shuka ile ilikuwa imegeuka mahali patakatifu.

Na kweli, mungu yule alipotokea pichani, akina mama wa Kigujarati waliinuka peku peku, wakazungusha taa za mafuta na kafuri mbele ya shuka, wakapasua nazi chini yake. Watu wa nyuma walishangaa. Gershom hakutaka wenziwe wajione wageni katika bohari walilolijaza kwa migongo yao wenyewe. Akawaambia, "Nazi hizi ni kama tabaruku, chakula cha baraka. Hakuna anayenyimwa. Hata nyinyi mna fungu lenu." Alijua kwamba nazi hiyo hugawiwa baada ya taa kumaliza mzunguko na dua kukamilika, na kwamba kuigusa kabla ni kumpokonya mungu mdomoni. Hilo hakulisema. Si kwamba alisahau. Alidhani kila mtu anajua kwamba tabaruku husubiriwa.

Kazungu akatangulia, na viatu vyake vya mpira wa gari, akainama kati ya wanawake, akaokota kipande cha nazi.

"Vua viatu, wee! Rudisha!" Jumaa alisema.

"Kaka yangu ndiye aliyetukaribisha. Muulize."

"Simuulizi mtu. Rudisha."

"Kwani nazi umeipanda wewe, Mlikoni?"

Rungu lilimpata Kazungu begani, la pili tayani. Mwenzake mmoja alichomoa kulabu, akamtia Jumaa pajani na kumvuta kama gunia. Vijana wa Kigujarati waliruka kuwalinda mama zao. Makuli wakaruka kumlinda Kazungu. Gershom alipaza sauti ile ile iliyowazoeza kunguruma, akiwataka watulie, nao wakanguruma. Mtu mmoja alitobolewa jicho. Mwingine alipigishwa kichwa kwenye nguzo hata baada ya kulegea. Taa ilipigwa teke, mafuta na kafuri vikashika shuka, shuka ikaushika ukanda, ambao siku hizo uliwaka kama baruti, na ukanda ukayashika magunia ya mbata yaliyopangwa ukutani. Mlango ulikuwa umekomewa, na mwenye kuukomoa alikuwa chini akivuja damu.

Gershom aliling'oa gunia kwenye dirisha la kushushia mizigo, akawasukuma nje wanawake na watoto, mmoja mmoja, huku wengine wakimkanyaga mgongoni. Alitoka baada yao, akatazama nyuso, hakumwona Kazungu, akarudi ndani. Hatimaye vibarua wa reli waliuvunja mlango kwa nondo, naye akatokea, shati limeungulia mwilini, amembeba mgongoni mtu mmoja. Alikuwa Jumaa Shee. Mara paa likaanguka. Walikufa watu sita, Wagujarati wawili na Waafrika wanne, mmojawao Kazungu. Mwili wake haukupatikana mzima wa kuzikwa.

Mama yake alimkuta Gershom akiuguzwa, amelazwa kifudifudi.

"Ndugu yako yuko wapi?"

"Nilidhani ndiye niliyembeba, mama. Moshi ulikuwa mwingi. Nilishika mkono nikauvuta."

"Alisema neno lolote?"

"Hakusema. Rungu lilikuwa limekwisha kummaliza."

"Na mkono wa nduguyo huujui? Mkono wa mtoto uliyemtafunia muhogo?"

Maneno yale ya moshi na rungu Gershom aliyarudia vile vile mbele ya hakimu, nayo ndiyo yaliyoandikwa. Jumaa alifungwa miaka miwili kwa rungu hilo, akarudi Likoni na mguu mmoja mfupi. Bi Kafedha alikaa nyumba moja na mwanawe kwa miaka kumi na minne. Chakula alikila, salamu aliitikia, lakini hakumgusa tena wala kukubali kuguswa naye.

Baada ya hapo Gershom hakusimulia tena, si picha, si ngano kwa wajukuu. Kanisani aliposhikwa kusoma somo, alisoma lililoandikwa na kuketi. Tangu 1950 hadi alipostaafu mwaka 1979 alikuwa karani wa mizigo, kwanza Changamwe, kisha Miritini. Alimwoa Nyamvula tarehe 7 Aprili 1951 hapa Kisauni. Bi Kafedha hakuhudhuria. Mtoto wa kwanza wa kiume alipozaliwa, wazee walitaka arithi jina la Kazungu, ilivyo desturi yetu. Bi Kafedha alikataa katakata: "Jina hilo halitaitwa na mdomo wake." Kwa hiyo mtoto aliitwa Ruwa. Bibi alifariki mwaka 1963. Mwana aliyezaliwa mwaka uliofuata ndiye aliyeitwa Kazungu, na majirani wanakumbuka kwamba baba yake hakuwahi kumwita kwa sauti; alimfuata mpaka alipo.

Mapafu, yaliyokuwa dhaifu tangu siku ile ya moto, yalianza kumshinda mwaka jana. Alilazwa mara mbili, akaomba arudishwe nyumbani. Alikata roho Jumanne, tarehe 11 Machi 1986, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemwinua ili avute pumzi. Ameacha mjane, Bi Nyamvula, watoto watatu, Jumwa, Ruwa na Kazungu, wajukuu tisa, dada yake mkubwa, na wapwa ambao baadhi yao walimhukumu bila kumuuliza. Mola ampokee, ampe mahali penye hewa safi na usingizi usiokatizwa.

Aya hii imeongezwa baada ya wasifu kukamilika. Jana alasiri alifika matangani Bi Mwanasaumu, binti wa marehemu Jumaa Shee, kutoka Likoni. Alisema kwamba babake alimwachia neno, na kwamba Gershom alikuwa amemwapisha Jumaa lisitoke hadi yeye Gershom afe. Bi Nyamvula alilisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lisomwe." Moshi haukumdanganya Gershom. Alimkuta Kazungu kwanza, akiwa hai na akili zake timamu, boriti imemwangukia kiunoni. Aliivuta mara tatu, haikutikisika. Jumaa alikuwa amelala hatua mbili kutoka hapo, hakubanwa na kitu. Gershom alimbeba aliyeweza kubebeka, na alipoufikia mlango Kazungu alikuwa angali akimsihi, kwa jina lake, asimwache.