Ujumbe wa Chuo Nilioufuta

Mbukwenyi, wapendwa! Mmeiitikia vizuri salamu yetu ya Kigogo. Nimeiomba nafasi hii ya kushuhudia wiki tatu mfululizo, na kila mara naambiwa ratiba imejaa. Leo imepatikana, kwa hiyo nivumilieni. Mkiona naongea harakaharaka, msidhani naogopa. Ni furaha, nikikaa nayo kimya wiki nyingine itanipasua.

Ila siwezi kuisimulia furaha hii bila kuanza na kosa langu mwenyewe.

Binti yangu mnamjua. Wengine mnamjua kwa alama zake za shule, wengine kwa kuanguka kwake. Ana kifafa tangu akiwa darasa la nne. Mama yake alipofariki tulibaki wawili, na mimi nikawa nasema kazi yangu ni kumlinda. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikuwa namlinda, nilikuwa namficha. Wageni wakija, nampeleka jikoni. Kukiwa na harusi hapo jirani, naenda mimi, yeye anabaki na kuku. Kidato cha tano na cha sita alisoma shule ya kutwa Dodoma mjini, akikaa kwa dada yangu, na dada nilimwonya asimwambie mtu yeyote. Mtoto akafaulu. Akafaulu sana!

Mwaka huohuo dada akarudi kuishi huku Haneti, jirani na sisi. Maana yake chuo kingekuwa ni kukaa bweni, chumba kimoja na wasichana watatu wasiomjua. Nikawa naona picha moja tu kichwani: mwanangu yuko sakafuni, na wenzake wanakimbilia mlangoni.

Maombi ya chuo aliyafanya kwa namba yangu, maana hakuwa na simu. Siku moja niko shambani kwenye alizeti, simu ikalia. Ujumbe. Amechaguliwa, na kuna namba ya kuthibitisha ambayo lazima itumwe ndani ya siku chache. Niliusoma mara mbili. Nikaufuta.

Guneni tu, nastahili.

Jioni akaniuliza, "Baba, hakuna meseji yoyote?"

"Hakuna, mwanangu. Labda mwaka huu wamejaa."

Aliuliza kila siku kwa wiki mbili. Halafu akaacha. Tukalima, tukavuna, na kwa mwaka ule karibu mzima sikusikia kicheko chake. Mimi najiambia, angalau yuko salama.

Asubuhi moja nikaingia jikoni, nikamkuta anawasha moto kwa karatasi. Nikatazama vizuri. Lilikuwa daftari lake la baiolojia, lile lenye michoro aliyokuwa akiichora kwa rangi.

"Unafanya nini?"

"Nawasha moto, baba," akasema, hata hakugeuka. "Nilidhani nina akili. Kama wamenikataa na alama zile, basi walimu walikuwa wananihurumia tu. Nitunze madaftari ya nini?" Akachana ukurasa mwingine.

Wapendwa, nilikaa chini palepale, kwenye majivu. Nikamwambia, "Hawakukukataa. Walikuchagua. Ujumbe ulikuja kwangu, na mimi niliufuta."

Aliliweka daftari chini. Nilitamani apige kelele, hata anitukane. Alisema tu, "Mwaka mzima, baba, nimejiona mjinga." Akatoka.

Siku tatu hakunipa shikamoo. Siku ya nne akaja na shangazi yake, wakakaa mbele yangu kama wazee wa baraza.

"Mwaka huu naomba tena," binti akasema, "kwa namba ya shangazi. Na wewe, baba, kazi yako ni kunisaidia kujiandaa kukaa bweni. Ukikataa, nitakwenda hivyohivyo."

Dada yangu akaongeza, "Na ukiigusa simu yangu, tutajuana!"

Basi hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka. Nilikubali, na nikakubali kwa moyo wote. Tulianzia zahanati. Nesi pale alinikalisha kwenye benchi kama mwanafunzi. Akanifundisha kitu ambacho kwa miaka yote ile sikuwahi kukiuliza. Mtu akianguka, ondoa vitu vya kumwumiza, weka nguo laini chini ya kichwa. Usimkandamize. Usimtie kijiko mdomoni, wala chochote. Degedege likitulia, mlaze ubavu, kaa naye mpaka aamke. Likipita dakika tano, mpeleke hospitali. Na povu la mdomoni haliambukizi! Mimi mwenyewe, baba mtu, nilikuwa naosha kikombe chake peke yake. Mungu anisamehe.

Kisha mazoezi ya nyumbani. Binti aligawa chumba chake kwa chaki, akabaki na robo. Vitu vyote vya chuo vikae kwenye robo ile: godoro, ndoo, chandarua, sanduku la bati na kufuli lake. Kisichoenea hakiendi. Dawa akawa anakunywa mwenyewe kwa kengele ya simu ya shangazi, na mimi nimekatazwa kumkumbusha. Kufua shuka kwa ndoo moja ya maji. Kuoga bila kufunga komeo, anatundika kanga mlangoni kuonyesha kuna mtu.

Lakini zoezi kubwa lilikuwa kusema. Akaniambia, "Baba, wewe ndiye mwenzangu wa chumba. Mimi nimefika leo." Nikajifunga kanga ya dada kichwani, nikalegeza sauti: "Karibu shosti. Kwani hizo dawa ni za nini?" Akaanza kueleza kwa sauti ndogo. Nikamkatiza, "Jamani! Si utaniambukiza?" Akajibu, "Hapana. Ila hiyo kanga umeifunga kama mzee wa kiume." Akacheka! Wapendwa, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi chini ya ile kanga nalia.

Ujumbe ukaja tena. Shangazi akausoma kwa sauti hapo uani, mara tatu, na namba akaituma binti mwenyewe.

Siku ya kuripoti nilimsindikiza. Tukapewa chumba, nikaangalia kitanda. Ni vile vitanda vya juu na chini, na yeye amepangiwa cha juu. Nikaanza kunyanyuka nimtafute matroni, nielezee, nilie. Binti akanishika mkono. "Baba, kaa hapo kwenye sanduku."

Akawageukia wale wasichana watatu. "Mimi nina kifafa. Natumia dawa, lakini naweza kuanguka. Siwezi kulala juu. Nitawaonyesha cha kufanya nikianguka. Sasa hivi, kabla hatujapanga vitu."

Msichana mmoja mrefu, aliyekuwa na kitanda cha chini, akakunja shuka lake. "Mi nahamia juu. Haya tuonyeshe, ulale ubavu gani?"

Binti akalala sakafuni, wakamgeuza, wanaulizana maswali, mmoja anaandika. Mimi juu ya sanduku, nimesahaulika kabisa. Sijawahi kufurahi kusahaulika namna ile!

Mwezi wake wa pili chuoni, saa sita mchana, simu ikalia. Sauti ngeni: "Shikamoo, baba. Mimi ni mwenzake wa chumbani. Ameanguka, ila tumemlaza ubavu, haikufika dakika tano. Ameshaamka, huyu hapa." Halafu sauti yake, nzito kidogo: "Baba, usije. Nipumzike kidogo, saa kumi nina kipindi."

Sikwenda. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Na sasa sikieni kilichonileta mbele. Yuko mwaka wa pili, na wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilimwomba azungumze ukumbini kuhusu kifafa. Ukumbi mzima! Mtoto niliyemzuia kwenda harusini!

Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi wetu, dada yangu, na wale wasichana watatu, na wazazi waliowalea. Namshukuru mwanangu kwa kunisamehe, maana alikuwa na haki ya kukataa.

Ninyi wenye watoto mnaowaonea hofu, wafundisheni, halafu waacheni waende. Juzi mzazi mmoja wa hapa alinifuata pembeni, akaninong'oneza kwamba na yeye anaye mtoto mwenye kifafa, amemficha nyumbani. Simtaji. Nilimwambia, njoo kwangu Jumamosi, tuanze na kufua. Uje naye mchana, mpite barabara kubwa ya sokoni, kila mtu amwone, na kila mtu amsalimie.