Maziwa ya Shujaa

Ndani ya basi la Madurai, Ponnuthai muuza maua alimsikia shabiki wa filamu, ndoo tupu mkononi, akijigamba: "Kaka, bango la shujaa wetu tumelimwagia maziwa lita arobaini, kama sanamu ya mungu! Katika filamu anazama kwenye shimo la majitaka kuwaokoa wazibuaji, halafu anawatwanga matajiri. Nimelia mie!"

"Amezama mara ngapi?" akauliza Mookan, mzibuaji mwenyewe, aliyeketi dirishani.

"Mara moja. Lakini alivyotoka!"

"Mimi mwaka wa kumi na tisa huu. Nikitoka, watu wanaziba pua. Kumwagiwa maziwa? Hata kwenye chai siyaoni."

"Wivu tu huo, kaka!"

"Wivu, ndiyo. Basi kaa, tubishane vizuri."

Basi likasimama, shabiki akashuka. Ndipo Ponnuthai alipogundua: kiti cha pembeni mwa Mookan kilikuwa wazi tangu stendi, na shabiki alikuwa amesimama safari nzima.